Makumbusho ya Reli Nairobi, kwa anayetafuta njia ya kuunda kwa kipimo kidogo

Kama unatafuta njia ya reli ya kweli uiunde upya nyumbani kwa kipimo kidogo, nenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi kabla hujanunua hata kipande kimoja cha reli. Nenda na daftari, tepu ya kupimia na simu yenye chaji. Kutoka stesheni kuu ya zamani ni mwendo mfupi kwa miguu. Makumbusho haya yalifunguliwa 1971, wakati injini za mvuke zilikuwa bado zinafanya kazi katika njia zetu, ndiyo maana vitu vingi vilivyomo viliingia vikiwa na masizi ya kazi.

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Nimezaliwa Mwatate, kwa Wataita, na karakana yangu iko Nairobi. Siyapimi makumbusho haya kwa macho ya mtalii. Wengine wameshayaandika kwa njia hiyo na wameandika vizuri. Nayapima kwa swali moja: yanamsaidia vipi mtu anayetaka kuchagua njia moja ya reli, aiweke juu ya meza, na mzee aliyefanya kazi kwenye njia hiyo akija kuitazama aseme, naam, ni pale? Jibu langu ni kwamba yanasaidia sana, mradi ujue pa kuanzia. Pa kuanzia si kwenye injini.

Anzia ndani, kwenye picha na ramani. Ukisimama mbele ya picha ya zamani usiitazame injini. Tazama nyuma yake. Paa la stesheni ni la bati au la vigae? Tangi la maji limesimama juu ya miguu ya chuma au juu ya ukuta wa mawe? Kokoto zimefunika mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli, au zimeishia pembeni? Nani amesimama jukwaani, na amebeba nini? Mambo hayo ndiyo yanayoitofautisha stesheni moja na nyingine. Injini ilikuwa inahama, leo iko Voi, mwezi ujao iko Nakuru. Stesheni ilibaki pale pale. Kwa hiyo anayechagua njia anachagua kwanza mahali na kazi iliyofanyika pale, halafu ndipo injini.

Makumbusho haya pia yana kumbukumbu za visa ambavyo kila Mkenya aliyesoma shule amevisikia. Lipo behewa la mbao ambalo Charles Ryall, ofisa wa polisi, alinyakuliwa na simba ndani yake, pale stesheni ya Kima, mwaka 1900. Wageni wengi hulitazama wakimfikiria simba. Muundaji alitazame kwa mbao zake: upana wa ubao mmoja mmoja, dirisha linavyoshuka, ngazi zinavyoning'inia chini ya mlango. Behewa la mbao la wakati ule, mbele ya macho yako, lenye vipimo unavyoweza kuvichukua bila kukisia! Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya picha yoyote.

Baada ya hapo, nenda uwanjani kwenye injini.

Pale amelala mfalme. Mount Gelai, nambari 5918, injini ya daraja la 59. Ni ya aina ya Garratt: boila moja kubwa katikati, imebebwa kati ya seti mbili za magurudumu, mbele tangi la maji, nyuma mafuta. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilizijenga 34 mwaka 1955 na 1956, zivute mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ikiwa tayari kwa safari ilipita tani 250. Katika reli za geji ya mita, yaani zenye upana wa mita moja kati ya reli na reli, duniani kote, haikujengwa injini ya mvuke yenye nguvu kuizidi. Mount Shengena, nambari 5930, iko hapo hapo. Ukimaliza kuizunguka injini ya namna hiyo unakuwa umetembea karibu mita 70.

Mpwa wangu, aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya tepu, aliniambia, "Mjomba, hii ndiyo yenyewe. Hatuna haja ya kutafuta zaidi."

Nilimwelewa. Kila anayeingia pale huelewa hivyo. Lakini tulikaa kivulini tukapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo huduma kubwa niliyoipata siku ile, maana huwezi kuipiga sawasawa mpaka umesimama karibu na chuma chenyewe. Injini ina urefu wa karibu mita 32. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, ambacho ndicho kinachotumiwa na watu wengi zaidi duniani, inakuwa sentimita 36. Si mbaya. Sasa ipe kazi yake. Behewa la mizigo la mita 12 linakuwa sentimita 14 hivi. Mabehewa 20, ambayo kwa injini ile si mzigo wa kujivunia, ni mita 2 na sentimita 80. Ongeza injini, umefika mita 3 na sentimita 16. Plaiwudi nzima, futi nane kwa nne, ina urefu wa mita 2 na sentimita 44. Treni imetoka mezani kwa mbele na kwa nyuma kabla haijasogea.

Halafu inama utazame chini ya boila, mahali ambapo boila imeegemea kila seti ya magurudumu. Hapo ndipo Garratt hukunjia kiuno. Kwenye kona kali tangi la mbele hutupwa nje na boila huingia ndani ya kona. Kwenye njia halisi kona ni pana, jicho halioni. Kwenye meza yenye upana wa sentimita 60, utaona injini imejikunja pembe kabisa, na ule ukuu wake wote unapotea. Ukiipenda Mount Gelai kwa dhati utaiundia chumba kizima au utaiweka kabatini ndani ya kioo. Kuitia kwenye meza ndogo ni kuivunjia heshima.

Tukarudi kwenye ramani.

Njia kuu yenyewe, Mombasa hadi Nairobi, ni kilomita 530 hivi. Kwa kipimo chetu ni kilomita 6. Hakuna anayeiunda, unachoweza ni kukata kipande. Kipande chenye mvuto ni Mazeras, ambapo reli hupanda kutoka pwani kwa kujizungusha na kupita juu yake yenyewe. Mwenye chumba kikubwa na mkono mzuri wa kuunda vilima, hapo pana utamu. Ila akumbuke kwamba ameshaingia tena katika nchi ya treni ndefu.

Upande wa ziwa, reli iliyoanza Mombasa 1896 na kupita Nairobi 1899 ilifika Kisumu 1901, na kwenye miteremko ya Mau kuna madaraja marefu ya chuma 27 yaliyojengwa na American Bridge Company ya Marekani. Ni kazi ya kuvutia mno. Ni kazi ya mtu mwenye subira ya kukata na kugundisha maelfu ya vipande vyembamba, na daraja moja tu lingetosha kumchukua msimu mzima. Njia ya Kampala ilipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi na misitu, karibu na mstari wa ikweta. Hapo ningependa kumwona kijana wa Eldoret akipashughulikia. Mimi mandhari ile siifahamu mikononi.

Njia ya Magadi ilikaribia sana kunishinda. Ni tawi linalotoka Konza, linapita Kajiado, linateremka zaidi ya mita 1,000 hadi ziwani, na tangu mwanzo liliwekwa kwa ajili ya magadi. Mzigo ni wa aina moja, unatoka mahali pamoja, na mwisho wa njia ni kiwanda na ziwa jeupe. Kwa muundaji hilo ni jambo zuri, kwa sababu hadithi yote inaeleweka kwa jicho moja. Kilichonizuia ni kwamba mzigo wa aina moja hukupa mchezo wa aina moja. Mabehewa matupu yanaingia, yaliyojaa yanatoka. Baada ya mwezi mikono inataka kitu kingine cha kupanga.

Mpwa wangu alipendekeza SGR. Sikumcheka hata kidogo, maana ana hoja. SGR ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza 2017, ina geji ya milimita 1,435, na reli ndogo ya milimita 16.5 inayouzwa kila duka la mchezo huu duniani ni hiyo hiyo kwa kipimo cha 1 kwa 87. Kwa anayeanza, upande wa reli hana wasiwasi wowote: ananunua, anaunganisha, anaendesha. Tanzania nayo imeanza treni za umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, na nyaya zile za juu ni pambo la kumpa kijana mwenye macho makali. Njia ya leo ina faida nyingine: unaweza kuipanda kesho ukaihakiki.

Lakini mimi nilitaka geji ya mita, na hapa niseme neno kuhusu bidhaa, kwa sababu uchaguzi wa njia na uchaguzi wa reli ya kununua ni jambo moja. Kwa 1 kwa 87, geji ya mita inaangukia milimita 11.5. Kampuni ya PECO ya Uingereza inatengeneza reli ya milimita 12 ya kipimo hicho, inayopindika, inauzwa kwa vipande virefu. Ukikokotoa, milimita 12 ni sawa na milimita 1,044 za kweli. Tofauti hiyo jicho haliioni. Ukitumia reli hiyo hiyo kwa kipimo cha Waingereza cha 1 kwa 76 inakuwa milimita 912, nyembamba mno, na injini zetu zitaonekana kama zimesimama juu ya uzi. Kwa hiyo 1 kwa 87 ndiyo shauri langu kwa yeyote anayeunda reli ya zamani ya Kenya, Uganda au Tanzania.

Mataruma ya reli hiyo ya dukani yanafanana na mbao. Njia zetu nyingi zilikuwa na mataruma ya chuma. Usihangaike kuyabadilisha, yapake rangi ya kutu, kisha jaza udongo mpaka yaonekane migongo tu. Kwenye njia ndogo za huku ndivyo yalivyokuwa, yamezama.

Injini na mabehewa ni habari nyingine. Bemo wa Ujerumani wanatengeneza treni nzuri sana za milimita 12, ila ni treni za milima ya Uswisi. Faida yake ni sehemu ya chini: mota na magurudumu yanayotembea kwa utulivu, ambayo juu yake utajenga bodi yako mwenyewe kwa plastiki au kwa kuichapisha kwa printa ya 3D. Kama mtu wa mota nakwambia, lipia mota nzuri, bodi utajifunza. Na pale makumbusho usiondoke kabla hujapiga picha viungio. Mabehewa yetu yana kiungio kimoja cha katikati. Hayana zile bafa mbili za pembeni, vyuma vya kupokea msukumo, za treni nyingi za Ulaya. Usipoziondoa bafa zile, kazi yako yote itasema Ujerumani hata ukiandika EAR, yaani East African Railways, ubavuni.

Njia niliyoichagua ni Voi hadi Taveta.

Nitoe sababu zangu. Tawi hili lilizaliwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani walikuwa wameishika Taveta tangu Agosti 1914, na Waingereza wakaanza kusukuma reli kutoka Voi mwaka 1915, kupitia Maktau na Mbuyuni, kulisha jeshi. Baada ya mapigano ya Salaita na vilima vya Latema na Reata mapema 1916, reli ikaendelea hadi Kahe, ikaungana na reli ya Tanga na Moshi iliyojengwa na Wajerumani. Reli mbili za mataifa yaliyokuwa yakipigana zikawa mtandao mmoja. Ukisimama Maktau leo yapo makaburi ya askari Wahindi wa vita hivyo. Sijui njia nyingine fupi namna hiyo Kenya iliyobeba mambo mazito kiasi hicho.

Lakini historia peke yake haiendeshi treni. Kinachoendesha ni mzigo, na tawi hili lilikuwa na mizigo ya kupanga. Mkonge ulitoka mashambani Mwatate na upande wa Taveta. Mafuta, saruji na bidhaa za duka ziliingia. Abiria walikuwepo, wenye vikapu vya ndizi za Taveta. Treni ya mchanganyiko, injini moja na mabehewa matano, haifiki mita moja. Inaingia mezani, inasimama, inaacha behewa njia ya pembeni, inachukua jingine, inaondoka. Plaiwudi moja ukiipasua kwa urefu unapata mbao mbili za sentimita 61 kwa mita 2.44, na ukiziunganisha ncha kwa ncha una zaidi ya mita 420 za nchi halisi. Stesheni ndogo ya tawi inaweza kukaa humo bila kubanwa sana.

Nimechagua pia mwaka: 1965. Wakati huo reli zote za nchi tatu zilikuwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, lililoundwa 1948. Injini zilipakwa rangi ya damu ya mzee. Jumuiya ilivunjika 1977 na shirika la pamoja likafa nalo, kwa hiyo anayeunda tawi la mpakani lazima aamue yuko upande gani wa mwaka huo. Kwenye meza yangu behewa linatoka Moshi hadi Voi bila kubadilisha jina. Nimelitaka hivyo kwa makusudi.

Kwa injini, makumbusho yalinipa mwongozo kuliko kitu chochote nilichokwisha kukiona kwenye skrini. Pembeni mwa majitu yale zipo injini za wastani. Simama mbele ya 2921, Masai of Kenya, ya daraja la 29, uone ukubwa wa kibinadamu: unaweza kuifikia ngazi, unaweza kuhesabu vijiti vya magurudumu. Ndugu zake wa daraja la 31, zilizojengwa na Vulcan Foundry 1955 na 1956, zilikusudiwa matawi yenye reli nyepesi. Ukubwa huo ndio wa meza. Mpwa wangu alikubali baada ya kuzipima mwenyewe, nilimwachia tepu.

Kuna kitu ambacho makumbusho yoyote hayawezi kukupa, nacho ni ardhi. Ikikupendeza njia kwenye ramani, ifuate kwa miguu, ukiomba ruhusa pale inapohitajika. Barabara ya Voi hadi Taveta inakwenda karibu na reli sehemu kubwa, kwa hiyo hata matatu inakupa mengi ukikaa dirishani. Utaona udongo unavyobadilika: Voi mwekundu mkali, kisha ukiingia nyikani unapauka. Mbuyu mmoja mmoja. Mkonge kwa safu hadi mlimani. Na siku ya anga safi, ukikaribia Taveta, Kilimanjaro, ambayo nitaichora ukutani hafifu, kwa sababu ndivyo inavyoonekana kutoka mbali, theluji kwanza na mlima baadaye.

Udongo wa mezani nimeuchota Mwatate kwenyewe. Unaukausha, unaupitisha kwenye kichujio cha chai, halafu, na hili ni muhimu, unapitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma. Chembe hizo zikiingia kwenye mota ndogo zinakwenda moja kwa moja kwenye sumaku yake na kuisaga. Nimefungua mota nyingi maishani mwangu, najua ninachosema. Baada ya sumaku, unaunyunyiza, unaudondoshea gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, unauacha usiku kucha.

Mkonge unautengeneza kwa karatasi. Mche wa mita moja na nusu unakuwa milimita 17. Kata ukanda wa karatasi ngumu, uchane meno membamba upande mmoja, uviringishe kwenye pini, kisha fungua majani kwa ncha ya sindano, ukianza na ya nje. Rangi si kijani cha majani ya mgomba. Ni kijani kilichochanganywa na kijivu. Safu zinyooke, maana shamba la mkonge hupandwa kwa kamba. Mche mmoja mmoja uache utoe mlingoti wake wa maua, sentimita 7, uinuke juu ya wenzake.

Kwa mtu wa Tanga anayesoma hapa, nina njia yake. Kutoka Tengeni, kwenye reli ya Tanga, Wajerumani waliweka tawi la milimita 750 kupanda Sigi, kwenye misitu chini ya Amani, kuteremsha magogo. Kwa 1 kwa 87 hiyo ni reli ya milimita 9, na kwa geji hiyo bidhaa zimejaa madukani Ulaya, injini ndogo ndogo za kila namna. Kona kali ni za asili yake, treni ni fupi, msitu unaficha mwisho wa meza. Mwenye chumba kidogo kuliko changu aanze na hiyo.

Makumbusho nayapa alama kamili kwa kazi hii. Nenda asubuhi, jua likiwa bado la pembeni, kwa sababu adhuhuri vivuli vya chini ya injini huwa vyeusi na picha za magurudumu hazifai. Weka kitu chenye urefu unaoujua kwenye kila picha; mimi naweka fimbo ya mita niliyoipaka rangi nyeupe na nyekundu kila sentimita 10. Pima urefu wa kiungio hadi kiungio, kimo cha sakafu ya behewa kutoka juu ya reli, na umbali kati ya ekseli. Ukiwa na hivyo vitatu, mengine yote utayapata kwenye picha.